Msiri wa Bunkeya, mtu wa vipimo vingi

Mwezi uliopita mama alinituma na kitenge kipya kwa fundi wa nguo, katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kwenye karatasi ya kitenge iliandikwa yadi 6. Fundi akaniuliza ni mita ngapi, nami nikajibu haraka kwamba ni mita sita. Akakinyoosha mezani, akakipima kwa utepe wake, akanionyesha: mita tano na nusu, tena pungufu kidogo. Blauzi ya mdogo wangu ilikuwa imepangwa itoke katika ile nusu mita ambayo haikuwapo. Nikiwa narudi nyumbani nilipita sokoni kununua unga, nao nikaununua kwa meka, si kwa kilo. Yule mama muuzaji alijaza meka mpaka kileleni, akaongeza konzi moja ya matabishi.

Yadi kwa Waingereza, mita kwa fundi, meka kwa mama wa sokoni, na yote hayo katika asubuhi moja. Sisi huona fujo hii kuwa jambo la siku hizi. Lakini katika nchi yetu ya Katanga aliishi mtu aliyejenga ufalme mzima katikati ya fujo kama hiyo, na alijua kuitumia. Mtu huyo ni Msiri.

Alizaliwa yapata mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ngelengwa, na baadaye aliitwa pia Mwenda. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Kalasa alisafiri na wapagazi wake mpaka Katanga, akafanya urafiki na wakubwa wa Wasanga, akarudi kwao na shaba. Kijana alikua akiona mizigo ikifungwa na kufunguliwa, na akijifunza mapema kwamba kitu kilekile hubadili thamani kadiri ya anayekipima.

Vipimo vya njia ya mashariki vilikuwa vya mwili na vya pwani pamoja. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, yaani tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Lakini ulikuwapo pia mkono konde, unaoishia kwenye ngumi, nao ni mfupi zaidi. Mikono minne ilifanya pima moja, na neno hilo pima ndilo kitenzi chetu kilichogeuka kuwa jina: mtu ananyoosha mikono yote miwili, na mwili wake wenyewe ndio rula. Mikono minane, au yadi nne, ilikuwa doti. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili.

Katika miaka ya 1850 Ngelengwa mwenyewe alikuja Katanga na watu wake, akakaa. Jina la Katanga wakati huo lilikuwa la mkubwa mmoja mwenyeji, ambaye nchi yake ilikuwa na machimbo ya shaba. Wageni waliitwa Wayeke. Walikuwa wawindaji wa tembo, walikuwa na bunduki, na masimulizi yanasema walijua pia kuwachanja watu dhidi ya ndui. Kwa msaada, kwa ndoa na kwa vita, Ngelengwa alipanda kutoka mgeni mpaka mshirika, na kutoka mshirika mpaka mwami. Nchi aliyoitawala ilijulikana kwa jina la Garenganze. Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, kaskazini mwa mahali ilipo Likasi leo.

Ukiangalia ramani utaona kwa nini Bunkeya ilistawi. Kutoka hapo kwa mstari ulionyooka mpaka Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 1400, na mpaka bandari ya Benguela, kwenye Bahari ya Atlantiki, ni zaidi ya hizo kidogo tu. Msiri alikaa karibu katikati ya bara. Upande wa mashariki aliwasiliana na Wanyamwezi na watu wa pwani, ambao Kiswahili chao kilisikika Bunkeya zamani kabla ya kujengwa kwa Elisabethville. Upande wa magharibi alipokea misafara ya Waovimbundu kutoka Bihe, iliyofanya biashara na Wareno wa Benguela. Mmoja wa wake zake, Maria de Fonseca, alitoka katika jamaa ya wafanyabiashara wa upande huo wa Angola.

Hapo ndipo vipimo vilipokutana. Kwa Wareno uzito haukuhesabiwa kwa frasila, ulihesabiwa kwa aroba, ambayo ni pungufu kidogo ya kilo 15. Vipimo hivi viwili vinakaribiana sana, na hiyo ndiyo hatari yake. Frasila kumi za pembe ni karibu kilo 159, na aroba kumi ni karibu kilo 147. Anayezichukua kuwa sawa anapoteza kilo 12 za pembe bila kuibiwa na mtu. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha kuna jambo jingine la kufurahisha. Aroba ni neno la Kiarabu lililopita Ureno, na maana yake ni robo, sehemu moja ya nne ya mzigo mkubwa. Neno letu robo linatoka katika mzizi uleule. Frasila nayo tuliipata kwa Waarabu. Basi maneno mawili yaliyotoka katika lugha moja yalizunguka Afrika kwa njia mbili, moja kwa bahari ya mashariki na lingine kwa bahari ya magharibi, yakakutana Bunkeya kama wageni wasiojuana.

Pamoja na hayo, nchi ilikuwa na vipimo vyake. Shaba iliyeyushwa na kumiminwa katika vipande vya mfano wa msalaba, viitwavyo handa, vilivyotumika kama fedha muda mrefu kabla ya Wayeke. Wayeke wao walijulikana kwa ufundi wa kuvuta nyaya za shaba za kutengenezea bangili. Chumvi ilitoka Mwashya. Yote hayo yalifika kwa mwami kama mulambo, na pembe za ndovu zilikuwa mali yake kwa haki ya utawala. Mgeni hakuingia tu sokoni akanunua. Ilibidi apite kwa mwami, na kipimo kilichokubaliwa ndicho kilichokubaliwa mbele yake. Nguvu ya Msiri haikuwa bunduki peke yake. Alikuwa amekaa mahali ambapo doti iligeuka kuwa shaba, shaba ikageuka kuwa baruti, na mwenye kusema ni ngapi kwa ngapi alikuwa yeye.

Tusimpambe kupita kiasi. Katika vitu vilivyopimwa na kubadilishwa Bunkeya walikuwamo pia watu. Watumwa walipelekwa Benguela na mashariki, nao thamani yao ilitajwa kwa nguo na kwa baruti. Utawala wake ulikuwa mkali, na wageni waliofika kwake waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya boma. Wasanga, waliompokea baba yake, ndio waliobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Mwaka 1891 walikuwa wameasi, na misafara haikupita tena kwa usalama.

Wazungu walianza kupita mmoja mmoja. Mjerumani Paul Reichard alikuja kutoka mashariki, na Wareno Capelo na Ivens walipita katika safari yao ya kuvuka bara ya mwaka 1884. Mwaka 1886 alifika mmisionari Mskoti, Frederick Stanley Arnot, akaruhusiwa kukaa. Msiri aliwapokea kama alivyowapokea wafanyabiashara wengine: watu wanaotafuta kitu, walio na kitu cha kutoa, wanaopaswa kungoja.

Hakujua kwamba mwaka 1885, huko Ulaya, nchi yake ilikuwa tayari imepimwa kwa kipimo kingine. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameichora ndani ya mipaka ya Dola Huru ya Kongo, wakati hapakuwa na mtumishi hata mmoja wa dola hiyo Bunkeya. Nchi ya Msiri ilipimwa kwa watu. Mpaka wake ulifika pale alipofika mkubwa wa mwisho aliyeleta mulambo, na umbali ulihesabiwa kwa siku za kutembea. Nchi ya Leopold ilipimwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo, na kwa mistari ya mito. Katika kipimo cha kwanza, mkubwa akikataa kuleta mulambo mpaka unasogea. Katika kipimo cha pili, watu wanaweza kusema lolote na mstari unabaki palepale.

Mwezi wa Novemba 1890 alifika Mwingereza Alfred Sharpe, akitaka saini kwa ajili ya kampuni ya Cecil Rhodes. Msiri alikataa. Mwezi wa Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel kwa niaba ya Leopold, akiomba bendera ya dola ipandishwe. Msiri alikataa. Mwezi wa Oktoba akafika Alexandre Delcommune kwa ombi hilohilo, na jibu likawa lilelile. Kila mara alipima kama alivyozoea: huyu analeta nini, anataka nini, na yule mwingine atatoa zaidi? Hiyo ni hesabu nzuri ya mfanyabiashara mbele ya wanunuzi wawili. Lakini wanunuzi hawa hawakuwa wakibishana na yeye juu ya bei. Walikuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe juu ya mstari, na yeye alikuwa ndani ya mstari huo.

Tarehe 14 Desemba 1891 ulifika msafara wa nne, wa Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa ajili ya Kampuni ya Katanga na Leopold. Alitoka pwani na watu zaidi ya 300, wengi wao Waswahili wa Unguja na pwani. Alikuwa na vyombo vya kupimia nyota na saa, lakini njia nzima kutoka Bagamoyo alilipa kwa nguo, kwa doti na mikono, kama msafara mwingine wowote. Aliijua lugha ya vipimo ya Msiri. Msiri hakupata nafasi ya kujifunza ya kwake.

Mazungumzo yalidumu siku chache tu. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera juu ya kilima bila idhini ya mwami. Usiku huo Msiri aliondoka, akaenda katika kijiji cha jirani cha Munema. Asubuhi ya tarehe 20 Desemba 1891 Stairs alimtuma Kapteni Omer Bodson kumchukua. Wakakabiliana, Bodson akampiga Msiri risasi, akafa. Bodson naye alipigwa na watu wa Msiri, akafa siku hiyohiyo. Stairs mwenyewe hakufika nyumbani: alikufa kwa homa mwaka 1892, akiwa karibu kumaliza safari ya kurudi. Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, alikubaliwa kuwa mwami chini ya dola, akaishi mpaka 1910.

Mwaka huohuo wa 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alipita Katanga akichunguza mawe. Kuanzia hapo shaba ya Katanga haikuhesabiwa tena kwa handa. Ilihesabiwa kwa tani na kwa asilimia. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière, mwaka 1910 mji wetu ulianzishwa, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Mita na kilo ziliingia pamoja na tanuru hilo, na zilikuwa vipimo vya mshahara, vya posho ya unga na vya kazi ya siku. Mfanyakazi hakuulizwa mkono wake una urefu gani.

Sisemi kwamba mita ni mbaya. Bila mita fundi angenishonea kitu kisichovalika, na mkono konde ulimpunja maskini wengi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Ninachokiona katika maisha ya Msiri ni hiki: tofauti ya vipimo haikumwangusha. Aliishi nayo zaidi ya miaka thelathini, akaifanya kuwa mali. Aliangushwa siku alipofika mtu mwenye kipimo ambacho hakingeweza kujadiliwa mbele ya wote wawili.

Ndiyo maana sicheki tena ninapomwona yule mama wa unga akijaza meka. Meka iko juu ya meza, naiona, naweza kusema haikujaa, naye anaweza kuongeza konzi. Kwa fundi nami nimejifunza adabu: kabla ya kutaja idadi, nauliza ni ya nini. Blauzi ya mdogo wangu, kwa kusema kweli, ilipatikana, ila mikono yake ni mifupi.