Kosa la nani: mrushaji au mdakaji?

Mwalimu yeyote aliyewahi kukabidhiwa daftari la matokeo ya softiboli anaifahamu kero hii. Mpira umerushwa, mpigaji hakuugusa, mdakaji naye hakuushika; umebingirika nyuma yake, na mkimbiaji aliyekuwa akivizia kituoni amechupa hadi kituo cha mbele. Daftari linadai jibu. Ama iandikwe kwamba mrusho ulikuwa mbaya, lawama imwangukie mrushaji, ama iandikwe kwamba mpira ulimponyoka mdakaji. Wanafunzi wengi huandika lolote linalowajia kwanza, wakidhani ni jambo dogo. Laiti wangezijua habari za Jack Chesbro.

Chesbro alizaliwa North Adams, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, tarehe 5 Juni 1874. Akiwa kijana alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Middletown, jimbo la New York, akiichezea timu ya hapo, na inasemekana huko ndiko alikobandikwa lakabu ya Jack Mchangamfu. Mwaka 1899 alijiunga na Pittsburgh katika ligi kuu ya besiboli, mchezo uliouzaa softiboli, na mwaka 1902 akashinda mechi 28. Mwaka uliofuata akahamia New York, timu iliyoitwa Highlanders siku hizo na ambayo ulimwengu sasa unaijua kwa jina la Yankees.

Silaha yake ilikuwa mpira wa mate. Msomaji asishangae: hadi mwaka 1920 ilikuwa halali mrushaji kuulowesha mpira kwa mate ili uteleze vidoleni na kuanguka ghafla mbele ya mpigaji. Uzuri wa mpira huo ndio uliokuwa ubaya wake, kwani uliomhadaa mpigaji ulimtatiza mdakaji pia.

Kwa silaha hiyo, katika msimu wa 1904 Chesbro alianzisha mechi 51, akazimaliza 48 mwenyewe, akashinda 41 na kushindwa 12. Tangu karne ya ishirini ianze hakuna mrushaji mwingine wa ligi kuu aliyefikia ushindi huo, na sidhani atatokea, kwa kuwa siku hizi warushaji hupumzishwa kuliko walivyopumzishwa wazee wao.

Ikaja tarehe 10 Oktoba 1904, siku ya mwisho. New York walikuwa nyumbani wakicheza mechi mbili dhidi ya Boston, na iliwabidi wazishinde zote mbili ili watwae ubingwa. Katika mechi ya kwanza mashabiki walimzawadia Chesbro koti la manyoya huku mchezo ukiendelea. New York wakatangulia kwa 2 bila jibu, kisha katika awamu ya saba mrusho mbovu wa mlinzi wao wa kituo cha pili, Jimmy Williams, ukawapa Boston nafasi ya kusawazisha. Kosa hilo halikumbukwi na wengi. Awamu ya tisa ilipofika, Lou Criger wa Boston alikuwa kituo cha tatu, wawili wa upande wake wakiwa wametolewa, na mpigaji akiwa Freddy Parent. Chesbro akarusha. Mpira ukapaa juu ya mdakaji, Red Kleinow, ukaenda zake nyuma. Criger akafika nyumbani. Boston 3, New York 2.

Mwandishi wa matokeo akaandika mrusho mbaya.

Je, alikosea? Kanuni inamtaka mwandishi ajiulize swali moja: je, mdakaji angeweza kuushika mpira ule kwa jitihada za kawaida? Hatakiwi kuwa na miujiza. Mpira ukipita juu mno, chini mno au kando mno, deni ni la mrushaji. Ukigonga ardhi kabla ya kufika kwenye kituo cha nyumbani, ni lake vilevile. Lakini ukimfikia mdakaji mahali pa kudakika naye akauachilia, deni ni la mdakaji. Kama hakuna mkimbiaji aliyefaidika, haliandikwi lolote. Wapenzi wa kriketi watatambua mantiki hii: mpira mpana huhesabiwa dhidi ya mrushaji, ilhali ule uliompita mlinda wiketi bila kuguswa hauhesabiwi dhidi yake. Tena, mkimbio uliotokana na mrusho mbaya unaweza kuiharibu hesabu ya mrushaji. Uliotokana na uzembe wa mdakaji hautiwi humo.

Kishawishi kikubwa, kwa maoni yangu, ni kuhukumu kwa matokeo. Umati unapoguna na mechi inapopotea, kalamu humtafuta aliye maarufu zaidi uwanjani. Kuhusu mpira ule wa 1904, walioushuhudia hawakukubaliana: wapo walioshikilia kwamba Kleinow angeudaka, na wapo walioapa kwamba hata ngazi isingemsaidia.

New York walishinda mechi ya pili 1 bila, ushindi usio na faida. Chesbro aliendelea kurusha hadi mwaka 1909, akafikisha jumla ya ushindi 198, kisha akarejea Massachusetts kufuga kuku katika shamba lake huko Conway. Kila alipotajwa, mrusho ule ulitajwa kabla ya zile 41. Alifariki tarehe 6 Novemba 1931, na mwaka 1946 jina lake likaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown.

Mjane wake hakuridhika. Baada ya mazishi alijitahidi kuwashawishi wakuu wa mchezo wabadilishe maandishi yale, isomwe kwamba mpira ulimponyoka mdakaji. Boston wangebaki na ushindi wao, na mumewe angebaki ameshindwa mechi ile. Alichotaka kiondolewe ni lile neno tu. Ombi lake halikukubaliwa, na daftari la 1904 bado linasoma mrusho mbaya.