BEN HOGAN: MTU MDOGO ALIYEPIGA MPIRA MBALI

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, baada ya kupita hapa Goweko. Mwaka huo huo, tarehe 13 Agosti, katika jimbo la Texas huko Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Ben Hogan. Mtoto huyo baadaye alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa gofu waliopata kutokea duniani. Najua wengi wetu hatujapata kushika fimbo ya gofu. Mchezo huo hapa nchini umekaa zaidi Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro na Mufindi. Hata hivyo maisha ya mtu huyu yanatuhusu, kwa sababu swali alilohangaika nalo ni swali la kila mtu mdogo wa umbo au mdogo wa mali: nguvu hutoka wapi?

Baba yake alikuwa mhunzi. Familia ilihamia mji wa Fort Worth, na huko, Februari 1922, baba alijiua kwa bastola. Ben alikuwa na umri wa miaka 9. Tangu hapo watoto walilazimika kumsaidia mama yao kutafuta riziki. Ben aliuza magazeti katika kituo cha reli. Sisi tuliosoma kando ya reli tumewaona watoto wakikimbilia madirisha ya garimoshi na bidhaa zao mikononi, wakiwahi abiria kabla king'ora hakijalia. Basi huyo alikuwa mmoja wao, ila alikuwa upande wa pili wa dunia.

Alipofika miaka 11 alisikia kwamba kwenye kiwanja cha gofu cha Glen Garden vijana hulipwa kwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Kiwanja kilikuwa mbali, zaidi ya kilometa 10 kutoka kwao, naye alikwenda kwa miguu. Huko alijifunza mchezo kwa kuangalia. Shule ya sekondari hakuimaliza. Mwaka 1930, akiwa na miaka 17, alijiandikisha kuwa mchezaji wa kulipwa.

Shida yake ya kwanza ilikuwa umbo. Hata alipokuwa mtu mzima, kimo chake kilikuwa kama sentimeta 174 na uzito wake haukuzidi sana kilo 60. Wenzake walikuwa na mabega mapana na mikono mirefu. Ili asiachwe nyuma, Hogan alivuta fimbo nyuma kadiri mwili ulivyoruhusu na kuishusha kwa kasi kubwa. Mpira ulikwenda mbali kweli kweli, lakini mara nyingi ulipinda kushoto na kuangukia vichakani. Huo ndio uliokuwa msiba wake kwa miaka 10. Alikuwa na nguvu isiyokuwa na mwelekeo, na nguvu ya namna hiyo humwumiza mwenyewe. Alifilisika zaidi ya mara moja, akarudi nyumbani, akafanya vibarua, akajaribu tena. Mkewe Valerie, aliyemwoa mwaka 1935, alisafiri naye katika gari lao kuukuu. Ushindi wake wa kwanza wa peke yake ulikuja Machi 1940 huko Pinehurst, na ndani ya majuma mawili akashinda mashindano mengine mawili.

Alifanyaje? Kwanza alifanya mazoezi kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake. Alipiga mipira kuanzia asubuhi mpaka jioni. Pili, alichunguza mwili wake kama fundi anavyochunguza mtambo. Aligundua kwamba mikono si chanzo cha nguvu. Mikono ni njia tu ya kuipitisha. Nguvu huanzia ardhini, hupanda miguuni, hupita kiunoni na mgongoni, ndipo ifike mabegani, mikononi na mwisho kwenye kichwa cha fimbo.

Kwa maelezo yake, mchezaji anapoirudisha fimbo nyuma hugeuza mabega mengi na kiuno kidogo. Tofauti hiyo huukaza mwili kama kamba iliyosokotwa. Wakati wa kupiga, wa kwanza kurudi ni kiuno. Mabega hufuata, kisha mikono, na viganja hufunguka mwishoni kabisa. Anayeanza na mikono ameitumia nguvu yote kabla fimbo haijaukaribia mpira. Vyombo vya kisasa vya kupima vimeonyesha jinsi mwendo wa fimbo ulivyo na maana: kwa fimbo kubwa kabisa, kila kilometa 1 kwa saa inayoongezeka huupeleka mpira mbele karibu meta moja na nusu zaidi. Ndiyo maana mwembamba anayefuata utaratibu humpita mnene anayetumia misuli. Ian Woosnam wa Wales, ambaye kimo chake ni kama sentimeta 164 tu, alishinda mashindano ya Kenya Open huko Muthaiga, Nairobi, mwaka 1986, na sifa yake kubwa ilikuwa kupiga mbali.

Jambo hili si geni kwetu. Mpasua kuni hodari hapasui kwa mikono, na mlimaji wa jembe la mkono anayetegemea mabega peke yake hamalizi tuta. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia ya Tabora kwenda Bagamoyo walibeba mizigo ya frasila 2, yaani kama kilo 32, kwa majuma mengi, wala wengi wao hawakuwa majitu. Walijua kupanga hatua na kuuacha uzito ushuke miguuni.

Kuhusu ule ugonjwa wa mpira kupinda, Hogan aliutibu kwa kubadili kidogo namna ya kushika fimbo na namna ya kukunja kiganja cha kushoto. Baada ya hapo aliweza kupiga kwa nguvu zote bila hofu. Mwaka 1948 alikuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani.

Halafu, tarehe 2 Februari 1949, akiendesha gari na mkewe katika ukungu wa Texas, basi lililokuwa likilipita gari jingine liliwajia uso kwa uso. Hogan alijirusha mbele ya Valerie ili amkinge, na kitendo hicho kilimwokoa yeye pia, kwani usukani ulisukumwa mpaka kwenye kiti alichokuwa amekalia. Alivunjika nyonga, mtulinga na kifundo cha mguu. Damu iliganda mishipani, na madaktari wakalazimika kufunga mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni. Walihofu kwamba huenda asitembee tena.

Tazama basi pigo hilo lilipoangukia. Nguvu yake yote ilitoka miguuni na kiunoni, na hapo hapo ndipo alipovunjwa. Tangu siku hiyo miguu ilimvimba na kumwuma kila alipocheza. Hata hivyo Juni 1950, huko Merion karibu na Philadelphia, alirudi kwenye mashindano ya wazi ya Marekani, miguu ikiwa imezungushiwa bendeji. Siku ya mwisho ilimpasa kucheza mashimo 36. Alifika shimo la mwisho akiwa hoi, akaupiga mpira wa mbali kwa usahihi uliomwezesha kufungana na wenzake wawili. Kesho yake katika marudiano alimaliza kwa mikwaju 69. Lloyd Mangrum alipata 73, na George Fazio 75.

Mwaka 1953 aliingia mashindano 6 akashinda 5, yakiwamo makubwa matatu: Masters, mashindano ya wazi ya Marekani, na yale ya Uingereza yaliyochezwa Carnoustie. Katika ubingwa wake mkubwa 9, 6 aliupata baada ya ajali. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha masomo matano juu ya kupiga mpira, na hadi leo walimu wa gofu wanakitumia. Alifariki Fort Worth tarehe 25 Julai 1997, akiwa na miaka 84.

Wengi wetu sasa tuna umri wa miaka arobaini na kitu. Tunakaa vitini mchana kutwa, na ujana hautarudi. Hogan alionyesha kwamba nguvu ya mwili ikipungua, nguvu ya utaratibu hubaki, ili mradi mtu awe aliizoea mapema kwa mazoezi. Vijana walioko shuleni leo nao wasikate tamaa kwa kuwa ni wadogo au maskini. Wasimame imara kwanza, wajue wanakoelekea, kisha ndipo wapige.