Mwenda Jean Bosco na Malezi ya Gitaa Kavu la Katanga

Mara nyingi husemwa kwamba Mwenda Jean Bosco alijifundisha gitaa mwenyewe. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kuwa hakulelewa na chuo chochote cha muziki. Hata hivyo, haitoshi kueleza chimbuko la ufundi wake.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930, miongoni mwa Bayeke wa Katanga. Asili ya watawala wa Bayeke ni Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, alikotoka Msiri, mfanyabiashara aliyejijengea dola Bunkeya na kuuawa mwaka 1891. Mwenda basi alizaliwa katika jamii iliyokwisha kuzoea kuchanganya ya kwao na ya wageni. Miji ya migodi ya shaba iliukuza mchanganyiko huo. Vibarua walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, kila kundi na nyimbo zake, nao wakaelewana kwa Kiswahili. Santuri za ng'ambo nazo zilisikika humo. Hao wote, pamoja na santuri zao, ndio waliokuwa walimu wake.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi wimbo "Masanga". Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: dole gumba likishika besi, na kidole cha shahada kikifuma sauti za juu. Msikilizaji asiyejua hudhani wapigaji ni wawili. Wako waliouona muziki huu kuwa mwigo wa Wazungu, kwa sababu tu ala yenyewe ni ya kigeni. Dai hilo halina mashiko. David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi kiini kifupi kinavyorudiwa na kugeuzwageuzwa papo kwa papo. Mtindo huo wa mzunguko una mizizi mirefu katika muziki wa Afrika, na mpiga likembe angeutambua mara moja.

Baadaye Mwenda alifika Nairobi, na athari yake ikajitokeza kwa wapigaji wa gitaa kavu wa Kenya. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki katika ajali ya gari mwezi Septemba 1990.