Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Mwanafunzi wa Chuo na wa Skuli





Mwaka huu tumemchagua Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Allah amrehemu. Jina lake wengi mnalijua, maana liko kwenye jalada la tafsiri ya Qur'ani iliyomo katika nyumba nyingi za Waislamu wanaosema Kiswahili. Jambo ambalo wachache wanalijua ni kwamba mwenye tafsiri ile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alishika chaki miaka mingi kabla hajakaa kwenye kiti cha kadhi.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Kama watoto wote wa Kiislamu wa mji ule alianzia chuoni. Huko pwani neno chuo maana yake ni kile tunachokiita sisi madrasa: mtoto anakaa chini na juzuu yake, anaanza na alifu, anapanda mpaka anahitimu Qur'ani. Mwalimu wake wa chuoni alikuwa mwanamke, Bi Fatma Hamid Said. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu bado wapo wanaodhani kumsomesha binti ni kupoteza mali. Mufasiri wetu mkubwa alishikwa mkono na mwanamke kwenye herufi za mwanzo.

Miaka ya 1920 akaingia skuli ya serikali mjini Unguja, akasoma huko hadi mwaka 1932. Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo ilipo habari yenyewe.

Zama zile Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na serikali ilikuwa imeanza kufungua skuli tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wengi walizisusa. Waliona watoto wanafundishwa herufi za Kizungu, ilhali wao Kiswahili chao walikiandika kwa herufi za Kiarabu, na waliona Qur'ani haipewi nafasi yake. Wakaogopa watoto watatolewa katika dini. Tusiwacheke. Huku bara shule nyingi za wakati ule zilikuwa za wamisionari, na mzazi wa Kiislamu alikuwa na haki ya kuuliza mwanawe anapelekwa wapi. Skuli zikawa na watoto haba, na aliyeandikishwa leo kesho haonekani. Baadaye serikali ikaingiza Qur'ani na mafundisho ya dini ndani ya skuli, na wasiwasi wa wazazi ukapungua.

Katika hali hiyo ndiyo kijana Abdallah alikwenda skuli, na dini hakuiacha. Nje ya masomo ya skuli alikaa mbele ya masheikh wakubwa wa Unguja. Miongoni mwao walikuwa Sheikh Ahmad bin Muhammad al-Mlomri, Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Sumait. Hawa hawakuwa watu wa kumpa mtu elimu ya juu juu. Fiqhi, nahau, hadithi na tafsiri, zote zilisomwa kitabu kwa kitabu, na mwanafunzi asiyefika alipitwa.

Mwaka 1933 akaanza kazi ya ualimu katika skuli za msingi. Baadaye akafanywa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli hizo, kisha akawa mwalimu mkuu wa skuli iliyofundisha kwa Kiarabu. Muda wake wa nje ya kazi aliutoa kwa darsa, na darsa zake za Msikiti Barza zilijulikana sana. Aliandika pia. Alitunga vitabu vidogo vya bei nafuu kuhusu maisha ya Mtume (s.a.w.), sala, ndoa na talaka, kwa Kiswahili chepesi ambacho mtu wa kawaida anakifahamu. Aliandika pia habari za wanavyuoni wa Afrika Mashariki, na bila kazi hiyo majina mengi ya masheikh wetu yangekuwa yameshasahauliwa.

Kazi yake kubwa ilikuwa tafsiri. Qur'ani nzima ilitangulia kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1923, na aliyeifasiri alikuwa padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, aliyekuwa Unguja. Mwaka 1953 ikatoka ya Maahmadiyya. Waislamu wa Kisunni, wenye masheikh na misikiti pwani nzima, hawakuwa na tafsiri yao iliyokamilika. Ili kuijaza nafasi ile alihitajika mtu anayekijua Kiarabu cha Qur'ani barabara, na papo hapo anayeweza kuandika Kiswahili cha herufi za skuli, ambacho vijana wote wa Tanganyika, Kenya na Unguja walikuwa wanakisoma. Sheikh Farsy alikuwa nayo yote mawili. Alianza kuitoa sehemu kwa sehemu, na mwaka 1969 Qurani Takatifu ikachapishwa kamili na Islamic Foundation ya Nairobi.

Ifungueni muitazame. Kuna aya kwa Kiarabu, na kuna maana na maelezo kwa Kiswahili. Mtoto aliyekuja madrasa tu ataisoma aya na kukwama kwenye maana. Aliyekwenda shule tu ataisoma maana na kukwama kwenye aya.

Nayasema haya kwa sababu ya tunayoyaona hapa Migato. Wakati wa palizi na wa kuchuma pamba viti vya darasani vinabaki wazi. Wengine wanapelekwa machungani na ng'ombe, wengine siku ya mnada hawaonekani kabisa. Lililo zito zaidi ni mzazi anayemwambia mwalimu wa shule kwamba mtoto alikuwa madrasa. Wazazi wetu, madrasa hii haifundishi asubuhi siku za shule. Tunaanza baada ya Alasiri, na Jumamosi na Jumapili ndiyo tunaanza asubuhi. Ada ya shule ya msingi haipo, na kumpeleka mtoto ni wajibu wa kisheria. Ng'ombe wana njia nyingine: ndugu wanaweza kupeana zamu, hata jirani kwa jirani.

Turudi kwa Sheikh wetu. Mwaka 1960 alifanywa Kadhi wa Unguja, akaendelea mpaka mwaka 1967 alipohamia Kenya. Mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimrithi Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Alipostaafu alikwenda Oman, na huko alifariki Novemba 1982. Allah amlaze mahali pema peponi, Amin.

Nakala ya tafsiri yake ipo kwenye kabati la madrasa. Mwanafunzi yeyote anayeweza kusoma Kiswahili bila kuyumba na aje na udhu wake baada ya Alasiri, atapewa aisome. Tutaanza na Juzuu Amma.