Harriette Chick, mwanamuke aliyeonyesha kama jua linalinda mifupa ya mutoto

Lubumbashi. Katika mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inapiga muji asubuhi, wamama wengi wanafunga mutoto muchanga ndani ya blanketi na kumuacha ndani ya nyumba. Wenye mimba nao wanakaa ndani. Lakini mwili unahitaji jua juu ya ngozi ili utengeneze vitamini D, na bila hiyo mifupa inakuwa laini. Mumoja wa watu walioonyesha jambo hilo wazi ni Harriette Chick, mwanamuke Muingereza.

Alizaliwa London tarehe 6 Januari 1875. Mwaka wa 1905 aliomba kazi ya uchunguzi katika Taasisi ya Lister. Wafanyakazi wawili walimuomba mukubwa wao amukatalie, kwa sababu tu ni mwanamuke. Mukubwa hakuwasikiliza, na Chick akafanya kazi pale kwa miaka mingi.

Nyuma ya Vita ya Kwanza ya Dunia, njaa ilikuwa kali katika muji wa Vienna, inchini Austria. Watoto wengi walikuwa na matege: miguu inapindama na mifupa haikomai. Mwisho wa 1919 Chick alitumwa kule, na wanawake wenzake wakamusaidia katika kazi. Clemens von Pirquet, mukubwa wa kliniki ya watoto, aliamini kama matege ni ugonjwa wa kuambukiza. Hata hivyo, aliwapa nafasi na wagonjwa.

Walichukua watoto wachanga wa hospitali, wakawapa wamoja chakula cha kawaida, na wengine maziwa pamoja na mafuta ya maini ya samaki. Baridi kali ilipofika, kati ya wale wa chakula cha kawaida matege ilitokea. Wale wa mafuta hawakuipata. Kisha wakaona tena kama watoto wagonjwa waliolazwa inje kwenye jua walipona, hata bila mafuta. Picha za mifupa zilihakikisha hivyo, na Pirquet akakubali.

Kazi hiyo iligusa wamama pia. Musichana aliyeugua matege anaweza kukomaa na nyonga nyembamba, na siku ya kuzaa mutoto anakwama. Mama mwenye kukosa vitamini D anapatia mutoto wake akiba kidogo. Tena, mutoto anapokea sehemu kubwa ya kalisiyumu ya mifupa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo, anayezaliwa mbele ya wakati anakuja na mifupa mizaifu na anapashwa kufuatiliwa na muganga.

Je, ukosefu wa vitamini D ndio unaleta kuzaa mbele ya wakati? Uchunguzi fulani umeona mambo hayo mawili yakienda pamoja, lakini haijahakikishwa kama moja linaleta lingine. OMS haiombi kila mwenye mimba anywe dawa ya vitamini D. Inaomba ale vizuri, na inakumbusha kama jua ndilo linaleta sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Ngozi nyeusi inahitaji muda murefu zaidi kwenye jua kuliko ngozi nyeupe. Mayai na samaki wenye mafuta wanaongeza kidogo, na samaki wadogo wanaokuliwa pamoja na mifupa wanaleta kalisiyumu. Kabla ya kununua matone kwenye farmasi, mama aulize kwanza kwenye CPN, kwa sababu kuzidisha kunaleta hatari.

Chick aliendelea na kazi ya chakula na afya. Mwaka wa 1949 ufalme wa Uingereza ulimupa cheo cha heshima. Alikufa mwezi wa saba 1977, akiwa na miaka 102. Jua alilotafutia watoto wa Vienna, Lubumbashi inalo karibu mwaka muzima, hata katika miezi ya baridi.