Livingstone na gazeti kuukuu la Nyangwe

David Livingstone (1813–1873) alipokuwa mtoto katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, Uskoti, aliegemeza kitabu kwenye mashine na kusoma akifanya kazi. Safarini aliandika kila siku katika daftari ndogo, kisha akitulia alinakili yote katika daftari kubwa. Mwaka 1871, Nyangwe, kwenye Lualaba hiihii yetu inapoteremka kaskazini ya Kongolo, karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Hakuacha: aliandika juu ya gazeti kuukuu, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za kienyeji. Humo aliandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai. Wino ulififia. Wasomaji walibaki na nakala safi, iliyobadilishwa mahali nyeti, hadi 2011 kamera maalumu ziliposoma gazeti lenyewe.