Srinivasa Ramanujan na Hekalu la Namakkal

Mwanahisabati Srinivasa Ramanujan alizaliwa Erode, kusini mwa India, tarehe 22 Desemba, 1887. Mwanzoni mwa mwaka 1913, akiwa karani wa bandari mjini Madras, alimwandikia barua G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akaalikwa Uingereza. Awali alikataa, kwani kwa Brahmini mshika dini kuvuka bahari kulikuwa ni kujitia unajisi na kutengwa na jamaa. Kabla ya kuihama Madras alilizuru hekalu la Namakkal, la mungu wa kike Namagiri aliyeabudiwa na ukoo wao. Yasimuliwa kwamba alilala huko siku tatu, akapata idhini aliyoitafuta. Alisafiri tarehe 17 Machi, 1914, na mwaka 1918 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alirejea mwaka 1919 akiwa mgonjwa, akafariki Madras tarehe 26 Aprili, 1920, pasipo kufika Rameswaram kutakaswa. Jamaa wengi hawakuhudhuria mazishi yake. Hivyo basi, idhini ya Namakkal iliituliza nafsi yake, lakini haikuiridhisha jamii yake.